Boiti ya kamio lililokufa ikatwe ubavu, vijana wa Masisi na Walikale waone ndani

Kwenye barabara inayopanda kutoka Sake kwenda Mushaki, na ile inayoendelea hadi Masisi-centre, Nyabiondo na upande wa Walikale, kamio lililokufa si kitu cha kushangaza mtu. Moja limelala pembeni bila magurudumu. Lingine limebaki chasi tu, majani yameota katikati, watoto wanalipanda na kujifanya mashofere. Vipande vyake vinaondoka pole pole: betri inatangulia, halafu matairi, bodi, mwisho vioo kama vilibaki. Boiti ya vitesi ndiyo inakawia kuliko vyote, kwa kuwa ni nzito na mara nyingi imekwisha kuvunjika ndani. Siku moja mnunuzi wa vyuma vikuukuu anakuja, inapimwa kwenye kilo, inakwenda zake.

Hapo ndipo kosa linafanyika. Boiti hiyo, hata ikiwa imekufa, bado ina kazi moja kubwa. Ikikatwa ubavu, ikasafishwa, ikapakwa rangi na kuwekwa mkono wa kuzungushia, kila kinachopita ndani kitaonekana kwa macho huku kikitembea. Shule ya ufundi yenye kifaa kama hicho ingefundisha katika saa moja jambo ambalo leo mwanafunzi anamaliza miaka ya sekondari bila kulielewa. Na kifaa hicho kinaweza kutengenezwa hapa hapa Kivu ya Kaskazini, na mafundi walioko, bila kungoja kontena kutoka ng'ambo.

Tuseme wazi jinsi mambo yalivyo. Mwanafunzi wa makanika anajifunza boiti kwenye ubao mweusi. Mwalimu anachora mistari mitatu, anaweka visanduku vidogo juu ya mistari, anaandika majina kwa Kifaransa, wanafunzi wananakili. Mwalimu hana kosa, chaki ndicho kifaa alichopewa. Kijana aliyekosa pesa za shule naye anaingia garaji kama mwanafunzi wa kazi. Huyu anaona boiti nyingi kuliko mwenzake wa darasani, lakini anaziona namna mbili tu. Ama boiti imefungwa na inafanya kazi, haoni kitu. Ama imefunguliwa na vipande vimetandazwa juu ya gunia, vimelowa mafuta, anaona kila kitu lakini hakuna kinachotembea. Akiuliza, "Yaya, sasa hii inashikana na ile namna gani?" anajibiwa, "Angalia tu, utazoea." Na kweli anazoea. Anajua kufungua na kufunga, anajua rulema ipi inakaa wapi. Lakini kwa nini vitesi ya pili inaruka, hapo anakisia.

Kukisia huko kunagharimu pesa. Chukua hiyo vitesi inayoruka. Kila anayesafiri juu ya mizigo amemwona shofere anayeshika mti wa vitesi kwa mkono mmoja mteremko mzima, au aliyeufunga kwa kamba ya mpira ili usirudi nyuma. Ugonjwa huo unaweza kutoka kwenye springi ndogo na kidonge cha chuma kinachokaa juu ya fimbo ya kuchagulia vitesi. Springi ikilegea, fimbo haishikwi tena. Unaweza pia kutoka kwenye uma uliolika, au kwenye meno ya kushikia yaliyopoteza ncha. Sababu ya kwanza ni kitu kinachoingia kwenye kiganja cha mtoto. Lakini fundi ambaye hajawahi kuona springi hiyo ikifanya kazi atamwambia mwenye gari atafute boiti nyingine. Mwenye gari atakopa. Kamio litakaa wiki kadhaa, na maharagwe ya akina mama yatabaki yakingoja kijijini.

Pesa si jambo baya kuliko yote. Jambo baya zaidi ni mteremko.

Masisi ni nchi ya milima, wala haina haja ya kuelezwa kwa wanaoikaa. Kamio linashuka limejaa viazi, fromaji, mbao, na juu ya mizigo kuna watu, kwa sababu ndiyo teksi ya wengi. Shofere anaona mazutu inapungua. Anatoa vitesi, anaweka poamori, kamio linajishukia lenyewe. Wengine wanazima hata moteri. Wanaita hiyo kuchunga mazutu. Mwanzoni breki zinashika. Baadaye zinapata moto, zinanuka, zinaanza kuteleza. Kwenye kamio lenye breki za hewa, moteri ikizimwa hakuna tena kinachosukuma hewa mpya kwenye tangi, na kila mguu unaokanyaga unapunguza ile iliyobaki. Shofere anataka kurudisha vitesi ya pili. Boiti inalia, inakataa. Baada ya hapo hakuna cha kusimulia, na waliopanda juu ndio wanaanguka wa kwanza.

Mashofere wote wamekwisha kuambiwa kwamba poamori kwenye mteremko ni hatari. ACCO inawaambia, polisi wa barabarani wanawaambia, wake zao pia. Hawajaonyeshwa kwa nini. Mtu mzima mwenye miaka ishirini ya usukani haachi tabia yake kwa sababu ya neno tu, hasa neno linalomgharimu lita kadhaa za mazutu. Anaacha akiona kwa macho yake. Boiti iliyokatwa inaweza kumwonyesha.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ndani ya boiti ya zamani kuna mihimili mitatu. Wa kuingilia unatoka kwenye moteri kupitia ambreyaji. Wa chini, wengine wanauita wa kati, unazunguka pamoja nao. Wa kutokea unakwenda kwenye kardani na magurudumu ya nyuma. Tuchukue mfano: piniyo ya kuingilia ina meno 20, inasukuma piniyo ya chini yenye meno 40. Basi mhimili wa chini unazunguka mara moja moteri ikizunguka mara mbili. Kwenye vitesi ya kwanza, piniyo ndogo ya chini yenye meno 15 inasukuma piniyo kubwa ya juu yenye meno 45. Hapo mwendo unagawanywa tena kwa tatu. Mbili mara tatu ni sita: moteri inazunguka mara sita, kardani mara moja. Mwendo umepungua mara sita, nguvu imeongezeka karibu mara sita. Ndiyo maana kamio linapanda Mushaki likinguruma bila kukimbia.

Kwenye mteremko hesabu hiyo inageuka. Sasa magurudumu ndiyo yanataka kusukuma moteri, na kwa vitesi ya kwanza yanalazimika kuizungusha mara sita kwa kila mzunguko mmoja wa kardani. Moteri inakataa kukimbizwa, na kukataa kwake kunafika kwenye kardani kukiwa kumezidishwa mara sita. Hiyo ni breki isiyopata moto na isiyolika. Kwenye vitesi ya juu, ambapo mhimili wa kuingilia na wa kutokea vimeshikana moja kwa moja, kukataa huko ni kudogo. Kwenye poamori hakupo kabisa: hakuna piniyo iliyofungwa kwenye mhimili wa kutokea, magurudumu na moteri kila mmoja yuko kwake.

Boiti iliyokatwa inaonyesha haya bila neno hata moja. Weka mkono wa kuzungushia upande wa kuingilia. Upande wa kutokea, funga gurudumu dogo, hata rimu ya baiskeli inafaa, na alama nyeupe moja ili watu wahesabu mizunguko. Kisha zungushia kamba kwenye gurudumu hilo na uning'inize jiwe zito, yale mawe meusi ya volkeno hayakosekani hapa. Jiwe ndilo kamio lililojaa kwenye mteremko. Weka vitesi ya kwanza, umwambie mwanafunzi mdogo kuliko wote ashike mkono wa boiti: atalizuia jiwe bila kutoa jasho. Peleka vitesi ya juu: atakaza meno. Sasa toa vitesi, weka poamori, huku bado ameshika. Jiwe litaanguka, na mkono aliokuwa ameushika hautatikisika hata kidogo. Shofere aliyeona hivyo mara moja hahitaji semina ya siku tatu yenye soda na biskuti.

Kifaa hicho hicho kinaeleza kwa nini boiti inakataa vitesi ikirudishwa kwenye kasi. Boiti za zamani, hasa kwenye vitesi za chini, nyingi hazina kile kipete cha kusawazisha mwendo. Kampuni ya Cadillac ya Marekani ndiyo iliyoanza kuuza magari yenye kifaa hicho, mwaka 1928, lakini kwenye makamio kilikawia sana kufika. Bila kipete hicho shofere mwenyewe ndiye anasawazisha: anakanyaga ambreyaji, anatoa vitesi, anaachilia ambreyaji, anapiga gesi kidogo ili mhimili wa chini ukimbie, anakanyaga tena, ndipo anaingiza. Wazee wa usukani wanajua kukanyaga mara mbili, vijana wengi waliozoea gari ndogo hawajui. Mbele ya boiti iliyo wazi mtu anaona meno mawili yanayokutana, moja likikimbia na jingine likitambaa, na anaelewa kelele ile inatoka wapi.

Kuna na jambo lingine ambalo hata mafundi wazuri wanalisahau. Mafuta ya boiti yamelala chini. Anayeyarusha juu, yafike kwenye rulema na piniyo za mhimili wa kutokea, ni mhimili wa chini unapozunguka. Kamio likivutwa kilometa nyingi moteri ikiwa imezimwa na kardani haijafunguliwa, mhimili wa kutokea unazunguka mkavu, wa chini umesimama. Likifika garaji kwa ugonjwa mmoja, linakuwa na magonjwa mawili. Kufungua kardani kabla ya kuvuta ni kazi ya funguo moja na muda mfupi. Kwenye matope ya msimu wa mvua, ambako makamio yanavutana siku nzima, ni boiti ngapi zimeuawa namna hiyo? Hakuna anayehesabu.

Sasa, kwa nini boiti ya kamio la zamani na si ya gari jipya? Kwanza ndiyo iliyopo. Mercedes zile zenye pua fupi zilianza kutoka kiwandani Ujerumani mwaka 1959, na kati yao 1113, yenye moteri ya silinda sita, ilizunguka karibu Afrika yote. Leo Fuso nazo ni nyingi kwenye njia ya Goma, lakini ndani ya boiti ya Fuso mihimili na piniyo zinafuata mpango ule ule. Pili, boiti ya zamani haina waya wala kompyuta inayoficha kitu. Mpango wa piniyo za kuteleza ulitumiwa na Wafaransa Panhard na Levassor tangu karne ya 19 ilipokuwa inakwisha, na anayeuelewa huo anaweza kufuata yote yaliyokuja nyuma. Tatu, piniyo za kamio ni kubwa. Darasa la wanafunzi hamsini linaziona hata kutoka kiti cha mwisho.

Kazi ya kuikata inaogopesha wengi, na wana haki, kwa sababu ikifanywa vibaya kinachobaki ni vipande vya chuma. Kosa la kwanza ni kukata boiti ikiwa nzima na kila kitu ndani: unga wa chuma unaingia kwenye rulema zote. Lazima ifunguliwe kabisa, kila kipande kioshwe kwa mazutu, kipangwe kwa mpangilio wake, kisha likatwe ganda tupu. Ganda likiwa la chuma cha kuyeyushwa halipendi moto wala nyundo, linapasuka kama chungu. Njia salama ni kuchora dirisha kwa chaki, kutoboa matundu madogo yanayofuatana juu ya mstari, kisha kumalizia kwa mashine ya diski pole pole, na kulainisha kingo kwa tupa. Mahali rulema zinapokaa hapaguswi, wala mbavu zinazobeba mahali hapo, kwani mihimili ikikosa kunyooka piniyo hazitakutana tena. Dirisha moja ubavuni, lingine juu kwa upande, ili nusu ya kifuniko chenye nyuma za kusukumia vitesi ibaki na kazi yake ionekane.

Rangi ndiyo inafanya darasa. Kingo zilizokatwa zinapakwa nyekundu, ili mtu ajue hapa palikuwa na ukuta. Mhimili wa kuingilia na piniyo yake rangi moja, wa chini rangi nyingine, wa kutokea ya tatu. Piniyo ya kurudisha nyuma ipewe rangi yake peke yake, kwa kuwa ndiyo inayoshangaza watoto zaidi: ni piniyo moja tu imeingizwa katikati ya mbili, na kamio zima linageuza mwendo. Meno yenyewe hayapakwi rangi, yanapewa grisi kidogo. Piniyo iliyovunjika meno mawili haina shida, kwani hapa hakuna mzigo wa tani, kuna mkono wa mwanafunzi. Inafaa hata iachwe hivyo ili waone jino lililovunjika linafanana na nini. Na kwa usalama wa vidole, wavu wa waya uwekwe mbele ya dirisha. Boiti inayozungushwa kwa mkono inaweza kumkata mtoto kidole vilevile.

Hakuna chombo katika hayo yote ambacho garaji za Goma na Sake hazina. Mji wa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayobeba magunia, hadi ikajengewa sanamu kwenye raundipoa, hauwezi kusema kukata ganda la boiti ni kazi ya Wazungu. Tena chukudu ndiyo ingeweza kuipeleka boiti hiyo kutoka shule moja hadi nyingine, kwani kuibeba mikononi kunahitaji wanaume wanne.

Wapo watakaosema huu si wakati wake. Waasi wa M23 waliingia Masisi-centre mwezi wa kwanza 2025, wakaingia Walikale-centre mwezi wa tatu, wakaondoka huko mwezi wa nne. Familia zimekimbia, shule zimefungwa na kufunguliwa mara nyingi, mahali pengine mabenchi yamekuwa kuni. Nani atazungumza habari za piniyo? Hoja hiyo ina uzito na haifai kudharauliwa. Lakini makamio hayajaacha kutembea. Chakula cha waliokimbia kinafika kwa makamio, na wanaorudi makwao wanapanda juu ya makamio yale yale, yenye boiti zile zile. Kungoja amani kamili ndipo vijana wafundishwe kazi ni kuwaacha mikononi mwa wale wanaotoa bunduki bila kungoja kitu.

Huko Walikale jambo hili lina uso mwingine. Kwa miaka mingi kasiterite ya Bisie ilitoka msituni juu ya migongo ya vijana, gunia la kilo 50, hadi Njingala kwenye barabara, na kwa Kilambo ndege zilitua juu ya barabara yenyewe. Mgodi wa kisasa ulianza kuzalisha hapo Bisie mwaka 2019, wenye mashine nzito na makamio makubwa. Mashine hizo zinahitaji mafundi. Kijana wa Walikale aliyebeba gunia anaweza kuwa fundi huyo, au anaweza kumtazama fundi akija kutoka mbali. Vivyo hivyo kwa walioacha makundi ya silaha. Mpango wa P-DDRCS, ulioundwa 2021, unaahidi kuwarudisha katika maisha ya kiraia, na makanika ni moja ya kazi wanazozitaja wenyewe wanapoulizwa. Kijana aliyezoea kufungua na kufunga bunduki gizani hakosi mikono. Anakosa mtu wa kumwonyesha kitu kingine cha kufungua. Na wasichana wasisahauliwe: boiti iliyo mezani, inayozungushwa kwa mkono, inaondoa ile sababu ya zamani ya kusema vyuma ni vizito kwao.

Nani aanze? INPP iko Goma na kazi yake tangu 1964 ni kufundisha ufundi. Wenye makamio wana boiti zilizokufa nyuma ya nyumba zao. Shule za ufundi zina wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaotafuta kazi ya mikono ya kuwasilisha, na badala ya kupewa kuchora tena ile mistari mitatu, darasa zima linaweza kupewa boiti moja. Wale wataokata dirisha wenyewe, wakakosea, wakapima tena, ndio watakaoijua boiti kuliko yeyote atakayeizungusha baadaye. ACCO nayo iombe kifaa hicho siku moja kwa mwezi, kiwekwe kwenye maegesho ya Sake asubuhi, kabla makamio hayajaanza kupanda. Jiwe, kamba na mashofere vipo hapo tayari.

Kinachokosekana ni mwenye kamio mmoja atakayemwambia mnunuzi wa vyuma vikuukuu: hii boiti haiuzwi, imekwisha kupata shule.